Punda Aliyebeba Kitanda

Sajini alikuwa hajawahi kumaliza filamu yoyote akiwa macho. Marehemu mumewe alimpeleka sinema mara mbili, na mara zote mbili alimrudisha nyumbani amemshika mkono kama mgonjwa. Asubuhi hii, hata hivyo, alikuwa amekaa juu ya kreti la soda ndani ya duka la muuza kanda, macho yamemtoka, na usingizi haukuthubutu kumsogelea.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Afande, punda wa bluu wenye kitanda mgongoni wako wangapi duniani?" Muuza kanda alipiga chafya. Alikuwa amepekua stoo yake nzima na vumbi lilikuwa bado limemkaa puani. "Kama siyo hii, basi mimi nifunge duka nikauze nyanya."

Kwenye televisheni, punda mdogo wa bluu alikuwa akitembea katika mtaa wa nyumba zilizopinda, kitanda cha chuma kimefungwa mgongoni kwa kamba. Alibisha mlango. Mtu alitoa kichwa, akasema maneno mawili matatu kwa lugha ambayo Sajini hakuijua na muuza kanda hakuijua, akafunga. Punda akaenda mlango wa pili. Nyuma ya nyumba, kila picha ilipobadilika, lilionekana jengo lilelile moja, jeusi, refu, lisilo na dirisha.

Sajini alikuwa anatafuta vitu viwili tu ndani ya filamu hiyo: kiwanda cha mbao na tangi la maji.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mshonaji mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyeitwa Tumbiri kwa jinsi alivyopenda kukwea. Karibu miaka thelathini iliyopita, watoto wa mji wao walikusanywa ukumbini mchana kuonyeshwa katuni. Walipotoka, wakisukumana mlangoni, Tumbiri hakuonekana tena. Sasa figo za mama yao zilikuwa zimechoka, daktari ameacha kuandika dawa mpya, na mama hakuwa na ombi lingine ila kumwona mwanawe kabla hajafumba macho. Mshonaji akatoa tangazo redioni. Tangazo likamleta Fundi.

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti. Aliokotwa akiwa mdogo, amelala juu ya magunia ndani ya lori, akalelewa katika nyumba ya watoto yatima bila jina la baba wala la mji. Kumbukumbu yake ya kabla ya hapo ilikuwa moja tu, punda. Tangazo lilisema "katuni ya punda" na kuishia hapo. Rangi ya bluu, kitanda, na kwamba punda alikuwa anamtafuta mama yake, hayo Fundi aliyasema mwenyewe, na Mshonaji aliyakumbuka vivyo hivyo. Mama alimkumbatia kabla hajamaliza. Kipimo cha damu kisingesaidia kitu, maana Tumbiri hakuwa wa damu yao. Mpangaji mmoja alimwacha akiwa bado ananyonya, akaaga kwamba anatoka mara moja kununua sabuni, na mpaka leo hajarudi na sabuni hiyo.

Angekuwa tapeli, kazi ingekuwa rahisi. Lakini Fundi hakuomba chochote. Aliunga mguu wa kitanda cha mama uliovunjika, akatengeneza dirisha lililokuwa likigonga usiku, na kila jioni alikuja kukaa pembeni ya mgonjwa akiwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mshonaji ndiye aliyekwenda polisi. "Nataka kujua, afande," alisema. "Sina neno baya naye. Nataka kujua tu."

Kilichomkera Mshonaji kilikuwa kitu kidogo. Yeye alikumbuka vizuri punda akienda kubisha kwenye kiwanda cha mbao, na ukumbi mzima ukilipuka kwa kelele. Fundi alikumbuka punda akipita chini ya tangi la maji lenye miguu mirefu. Sajini aliwahoji kila mmoja peke yake, akawazungusha, akarudi nyuma, akauliza upya kana kwamba amesahau. Hakuna aliyeyumba. Mkuu wake wa kituo alipita mlangoni akamwuliza kama amepewa kibali cha kumkamata punda. Sajini alicheka, lakini moyoni alijua kwamba mmoja kati ya wale wawili anakosea na kwamba filamu ndiyo itakayosema ni nani.

Filamu haikusema. Hakukuwa na kiwanda cha mbao. Hakukuwa na tangi. Mwishoni punda alifika kwenye nyumba ya ng'ombe mmoja mnene mwenye miwani, akashusha kitanda, ng'ombe akakipanda na kuanza kukoroma, na punda akaondoka mgongo mtupu huku akipiga mluzi. Yakaja maandishi. Muuza kanda akazima.

"Mama yake yuko wapi?" Sajini aliuliza.

"Mama wa nani?"

"Wa punda."

"Afande, punda huyu hana mama. Ni mchukuzi. Anampelekea mteja kitanda, basi."

"Rudisha mwanzo."

"Yote?"

"Yote."

Waliitazama tena, na punda hakupata mama hata safari hiyo. Sajini alisimama, akajinyoosha kiuno, akazunguka katikati ya marundo ya kanda. Watu wawili waliokuwa hawajawahi kuonana, au waliokuwa hawajaonana kwa miaka thelathini, walikuwa wanamkumbuka mama ambaye hayumo. Kosa la namna hiyo haliokotwi ovyo. Lazima walilipata mahali pamoja. Alisikia furaha ikimpanda kifuani, akatamani iwe kweli, kisha akajikaripia. Mpelelezi anayetamani jibu huliona hata mahali ambapo halipo, na yeye aliwahi kuona wenzake wakifunga majalada kwa tamaa hiyo.

"Sasa nani angewaambia watoto kwamba punda anamtafuta mama yake?"

Muuza kanda alimtazama kwa huruma. "Wewe kweli hukuwa mtu wa sinema. Mtafsiri, nani mwingine? Enzi zile filamu ya kigeni haionyeshwi bila mtu wa kusimama na maiki pembeni ya televisheni, anawaeleza watu kinachosemwa."

"Na huyu punda alikuwa na mtafsiri wake?"

"Kipaza. Alizunguka naye kwenye pikapu, na jenereta yake. Yupo hai. Yuko sokoni, kwenye choo cha kulipia."

*

"Ndogo au kubwa?" Kipaza aliuliza bila kuinua uso. Alikaa nyuma ya meza fupi, mbele yake karatasi za chooni zimekatwa vipande na kupangwa safi. Sauti yake ilikuwa nzito na ya duara. Mtu angeweza kuisikia mpaka kwa wauza mchele.

"Nimekuja kukuuliza habari za punda."

Uso ukainuka. Mzee alimtazama Sajini, akazitazama sare zake, kisha akamtazama tena yeye. "Wa bluu?"

"Wa bluu."

"Kaa, mwanangu. Kaa." Alimsogezea ndoo iliyofunikwa ubao. Mteja aliyekuwa ameshika tumbo alipewa karatasi bure na kusukumwa ndani.

Sajini alikuwa na desturi yake ya kuhoji. Hakumwekea shahidi neno mdomoni, hata lile neno likiwa linamwasha ulimini. Kwa hiyo hakutaja kiwanda wala hakutaja tangi. Aliuliza kwanza kuhusu lugha.

"Lugha ile ilikuwa ya wapi, mzee?"

"Ungeniuliza mimi, nami ningekuuliza wewe. Sikujua hata neno moja."

"Lakini ulikuwa mtafsiri."

"Ndiyo. Mzuri sana." Alisema bila aibu hata chembe. "Nilitazama picha, nikaona anabisha hodi anafukuzwa. Nikajiuliza, anayebisha hodi anafukuzwa anatafuta nini? Mama yake. Ukimwambia mtoto punda anapeleka kitanda kwa mteja, anatoka nje kucheza mpira. Ukimwambia anamtafuta mama yake, haondoki hata umwite kula."

"Mwishoni kuna ng'ombe."

"Huyo ndiye mama."

"Ng'ombe kamzaa punda?"

"Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hilo. Wewe ndiye wa kwanza."

Sajini alimeza kicheko. "Nyuma ya nyumba kuna jengo jeusi, refu. Uliliitaje?"

"Inategemea niko wapi."

Kalamu ya Sajini ilisimama. "Nieleze."

"Nikiingia mji, kabla sijafunga hata waya mmoja, nazunguka. Naangalia watoto wa hapa wanacheza wapi, wanaogopa nini. Kisha naliingiza kwenye hadithi. Mtoto akisikia punda kapita kwao, paa linataka kung'oka kwa kelele. Ndiyo maana walinipenda. Kwenye mji wa gereza lile jengo niliita gereza. Kwenye mji wa mbao niliita kiwanda. Pale njia panda ya reli niliita tangi, maana kuna tangi moja la maji, lina miguu mirefu, watoto wanashinda chini yake. Kwingine niliita hospitali..."

"Rudi nyuma. Tangi uliliweka kwenye mji mwingine pia?"

"La nini? Watoto wa kwingine wangelicheka vipi wakati hawalijui?"

Sajini alijua tayari jibu limefika, na lilikuwa baya. Lakini lilikuwa na tundu moja, na alilazimika kulichungulia. Huenda Tumbiri aliibwa kwao akapelekwa mpaka njia panda ya reli, akaonyeshwa punda kwa mara ya pili.

"Ulianza kupita wapi, mzee? Kwenye reli au kwenye mbao?"

"Reli kwanza. Mbao ndiyo ilikuwa mwisho wa punda." Kipaza alishusha sauti kwa mara ya kwanza. "Deki ilimeza kanda palepale ukumbini. Punda hajafika hata kwa ng'ombe. Picha ikawa michirizi mitupu. Niliwaambia watoto waende nyumbani, nikabaki navuta utepe kutoka tumboni mwa mashine kama navua nyoka. Sikupata kanda nyingine tena."

Tundu likazibika. Mtoto aliyekuwa kwao mpaka siku ile hangeweza kuwa amesikia habari za tangi. Na mtoto aliyesikia habari za tangi alikuwa wa mahali pengine.

"Kwani yupo mtu anayemkumbuka punda wangu?" Kipaza aliuliza.

"Wapo wawili."

Mzee alifuta macho kwa kiganja, akacheka, akafuta tena. "Wanaikumbuka sauti yangu?"

Sajini angeweza kudanganya. "Wanamkumbuka punda," alisema.

*

Njia panda ya reli ilikuwa mji uliopitwa na treni. Tangi lilikuwa bado limesimama, limeshika kutu mpaka juu, na chini yake watoto walikuwa wameweka mawe mawili kuwa goli. Sajini alipita kituo cha polisi, akapita shule, akawauliza wastaafu wa reli waliokuwa wakicheza drafti nje ya karakana iliyofungwa. Aliuliza swali moja kila mahali. Alirudi na basi la mchana, na njia nzima hakuzungumza na jirani yake wa kiti, mtu mchangamfu ambaye hakuwa amemkosea lolote.

Alimkuta Mshonaji kwenye cherehani sebuleni, anapinda sketi ya shule. Fundi alikuwa kwenye kigoda karibu na pazia la chumba cha mama, ametoka kazini, shati lake bado linanuka moshi wa chuma.

"Kalala?" Sajini aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anasinzia," Fundi alisema. "Leo kanywa uji kikombe kizima, afande. Nilimwambia sitapumzika asipokunywa."

Sajini alivuta kiti. "Nina swali moja la mwisho. Dada, nitaanza na wewe. Punda alimpata mama yake?"

Gurudumu la cherehani lilizunguka kidogo, likasimama. "Hatukujua. Mashine iliharibika, picha ikawa mistari. Yule mtafsiri akasema twende nyumbani. Tumbiri alilia mpaka mlangoni. Alitaka kujua kama amempata."

Fundi aligeuka kwenye kigoda chake, uso umefunguka wote kwa furaha. "Kwani hukujua, dada? Miaka yote hii? Alimpata! Mama yake alikuwa ng'ombe, sisi hatukujali. Alikuwa na miwani. Akapanda kile kitanda akalala usingizi wa pono, na punda akapiga mluzi. Alimpata kabisa. Laiti ningejua hujui, ningekwambia siku ya kwanza."

Fundi alimtazama Mshonaji, akangoja afurahi, na Mshonaji hakufurahi. Mikono yake ilikuwa juu ya sketi, haisogei.

"Kaka," alisema hatimaye, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Pale kwetu hakuna mtoto aliyeona ng'ombe."

Sajini aliyaeleza yaliyobaki kwa maneno machache, jinsi Kipaza alivyokuwa akifanya kazi, jengo jeusi, tangi, kanda iliyomezwa. Alieleza polepole na bila kupamba, kama anavyoeleza mbele ya hakimu, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Watu wengi hubisha.

"Kwa hiyo mimi ni wa njia panda ya reli," alisema.

"Ndivyo inavyoonekana."

"Umefika?"

"Nimetoka huko."

Fundi alipitisha kidole kwenye alama za moto mkononi mwake. "Na kule, afande... kuna mtu aliyekuwa ananitafuta?"

Hilo ndilo swali alilouliza kituoni, shuleni na kwa wacheza drafti. "Nimeuliza kila mahali," Sajini alisema. "Hakuna aliyewahi kuripoti mtoto aliyepotea. Hakuna anayekumbuka kumsikia mtu akiulizia."

"Hakuna hata mmoja."

"Hata mmoja. Pole sana."

Fundi aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia ndefu na hataki kuonekana haelewi. Sajini aliangalia ukutani. Katika kazi yake aliwahi kuwaambia watu kwamba wamefiwa, na aliona afadhali hizo habari kuliko hizi.

Nyuma ya pazia kitanda kililia. "Tumbiri?" mama aliita, sauti nyembamba, bado ina usingizi. "Tumbiri, uko hapo?"

Fundi alikuwa amesimama tayari, na mkono wake ulikuwa umeshashika pazia, ndipo akakumbuka. Alimgeukia Mshonaji.

"Niruhusu, dada. Zimebaki siku ngapi? Nitakaa naye tu. Sitachukua kitu. Akishazikwa hamtaniona tena."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mshonaji na hakuyafuta. "Umemlea mama yangu kuliko mimi wiki hizi. Usidhani sioni."

"Basi niache niingie."

"Ukiingia wewe, atakufa akijua Tumbiri karudi. Sote tutajua karudi. Majirani, redio, polisi. Nani atamtafuta mdogo wangu? Naye yuko mahali, kaka. Naye labda anauliza."

Fundi aliachia pazia. Halikuwa jambo la kumchukua muda mrefu kulielewa, yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

"Tumbiri?"

"Nakuja mimi, mama," Mshonaji alisema. Alijifuta kwa ile sketi ya shule na kuingia. Walisikia anakaa kitandani. Walisikia anaanza kusema, kwa sauti ya chini, akirudia, na baadaye wakamsikia mama. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kama yule kijana amekula. Kisha akaanza kulia.

Sajini na Fundi walitoka nje. Jua lilikuwa bado kali, na jirani alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Fundi alifika kwenye geti, geti ambalo mtu mwingine alilichomelea vibaya, akalitikisa bawaba kwa mazoea, kisha akabaki amelishika.

"Afande. Mtu akitaka kuripoti, anaripoti wapi?"

"Kuripoti nini?"

"Mtoto aliyepotea."

Sajini alimtazama. Kisha alifungua mfuko wa shati, akatoa kalamu, akatafuta karatasi, akapata risiti ya basi na kuigeuza upande wa nyuma. Aliiegemeza kwenye nguzo ya geti.

"Jinsia?"

"Wa kiume."

"Jina?"

"Halijulikani."

"Umri?"

"Minne. Au mitano. Andika mitano."

"Mara ya mwisho alionekana wapi?"

"Njia panda ya reli. Ukumbini, anatazama katuni." Aliitazama kalamu ikiandika. "Alikuwa anacheka."

Sajini aliandika na hilo, ingawa halina mahali pake kwenye ripoti. Lilibaki swali moja, na kwa miaka yote aliyolivaa lile gwanda alikuwa hajawahi kuona ugumu wa kulitamka.

"Nani anamtafuta?"

Fundi alinyoosha shati lake lililonuka moshi, akafunga kifungo cha juu kama mtu aliyefika mbele ya ofisi.

"Mimi," alisema. "Andika ni mimi."